Tiyo za pikipiki za kros: kuzipinda na kuzipitisha bila kukunjika (mafundi na motari, yaani waendesha pikipiki, wa Goma, karibuni)

Fundi_Ndosho aliandika:

Habari zenu ndugu. Nafungua uzi huu kwa sababu ya pikipiki zinazoletwa garaji mwenyewe akisema "kabureta imekufa", na ukifungua unakuta kabureta nzima kabisa. Kilichokufa ni njia, yaani tiyo, bomba laini la kupitishia. Tiyo ya esanse (petroli) imebonyea chini ya tanki, au ya hewa imebanwa, au ya fren (breki) imesokotwa. Mtu alibadilisha tiyo haraka, akaikata kwa kukisia, tanki likarudishwa juu yake, na tangu siku hiyo hakuna jicho lililotazama inapita wapi.

Neno langu kubwa nalisema mapema. Tiyo haikaguliwi pikipiki ikiwa imetulia kwenye stendi. Kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Nyoosha amortiseri (shokapu) za mbele zote, kisha zizamishe zote. Tanki liwe mahali pake, kiti kimefungwa, injini ina joto. Hapo ndipo utajua tiyo imekaa au haijakaa. Hapa kwetu barabara nyingi za mtaa zimelala juu ya lava, na ukishika njia ya Sake kisha upande kuelekea Masisi, usukani na amortiseri havipumziki hata dakika moja. Tiyo inafanya kazi wakati huo, si pale uani.

Sasa kuhusu kupinda kwenyewe. Ukipinda tiyo, ukuta wa nje wa kona unavutwa na ukuta wa ndani unasukumwa. Ule wa ndani ukikosa pa kwenda unabonyea, tundu linakuwa bapa, halafu ghafla linajifunga. Kabla ya kujifunga tayari umeshapoteza: esanse inapita, lakini kidogo. Pikipiki inawaka na inatembea mjini bila neno, ila ukiifungulia gesi mlimani inalia njaa. Na mahali palipowahi kukunjika hapasahau. Hata ukiinyoosha, kesho itakunjika palepale. Kata kipande hicho utupe.

Unene wa ukuta ndio unaoamua mengi. Chukua tiyo mbili zenye tundu la milimita 6. Moja kwa nje ni milimita 9, nyingine 12. Ya kwanza ukuta wake ni milimita moja na nusu, ya pili ni tatu. Ukizipinda pamoja utaona ya kwanza inakata tamaa mapema sana. Kwa hiyo ukienda dukani Birere usiulize tundu tu, uliza na unene wa nje, na utafute yenye nyuzi zilizofumwa katikati ya mpira. Kuna njia rahisi ya kuijaribu palepale dukani: omba betri kubwa ya tochi, ile nene, ambayo upana wake ni kama milimita 34, uizungushie tiyo nusu duara. Ikibonyea hapo, basi usije ukaipa kona kali kama hiyo kwenye pikipiki. Kwa tiyo isiyo na msaada wowote, mimi sishuki chini ya mara nne ya unene wake wa nje kwa nusu kipenyo cha kona. Yaani tiyo ya milimita 9 naipa kona ya sentimita 3.6 kutoka kitovu, na nikipata nafasi naipa zaidi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni pale tiyo inapoachana na kichuchu (kibomba kinachovalishwa tiyo) cha robine ya tanki au cha kabureta. Pale iache iende moja kwa moja kwanza, angalau sentimita mbili, ndipo uanze kupinda. Ukianza kona palepale kwenye kolye, ile pete ya kukazia, mpira unavutwa upande mmoja, upande wa pili unabonyea kwenye ncha ya kichuchu, na mtetemo wa barabara unamalizia kazi. Nyufa za tiyo ya esanse mara nyingi ziko hapo, nyuma tu ya kolye.

Halafu msokoto. Tiyo ikikaa dukani kwenye roli inashika mwelekeo wake. Usipigane nao. Igeuze mpaka kona yake ya asili ielekee kona unayoitaka, ndipo uifunge. Kabla ya kuivalisha piga mstari wa chaki kutoka ncha hadi ncha. Ukishaifunga pande zote mbili, angalia mstari. Ukiona umezunguka, fungua upande mmoja, achia, funga upya. Tiyo iliyosokotwa inatafuta kujinyoosha, na inajinyoosha kwa kukunjika.

Urefu nitausema kwa kifupi: ikiwa fupi inavuta na kujichomoa, ikiwa ndefu inalegea na kukunjika au kulalia injini. Kata ndefu kidogo, jaribu, kisha punguza kidogo kidogo. Mpira uliokatwa haurudi.

Ulizeni. Nitarudi jioni kuongeza kuhusu fren.

---

Motari_Katindo aliandika:

Fundi aksanti sana. Niko na shida. Moto yangu ya kros inatembea muzuri hapa katikati ya mji, lakini nikishika mulima na muzigo inazima. Nangoja kidogo, inawaka tena. Banasema ni bujii, nikabadirisha bujii. Banasema ni kabureta, bakaisafisha. Bado. Tiyo ya esanse iko mupya kabisa, nimeiona kwa macho.

---

Fundi_Ndosho aliandika:

Ndugu Motari, pole na kusukuma. Usinunue kitu kingine kwanza. Siku itakapozima, kabla hujaigusa, fungua kofia ya tanki polepole na usikilize. Ikivuta hewa kwa sauti, halafu ikawaka mara moja, shida yako si tiyo ya esanse, ni ya hewa. Esanse ikitoka kwenye tanki lazima hewa iingie badala yake. Njia ya hewa ikiziba, tanki linavuta kama linanyonya, na esanse inagoma kushuka. Pikipiki nyingi za kros zina tiyo ndogo inayotoka juu ya kofia na kuingia kwenye tundu la katikati ya usukani. Ni nyembamba, ni laini, na hakuna anayeiangalia.

Isipovuta hewa, chukua chupa ya maji tupu ya nusu lita. Chomoa tiyo ya esanse kwenye kabureta, iweke kwenye chupa bila kubadilisha njia yake, fungua robine, tazama saa. Hebu tupige hesabu: pikipiki ya 125 ikipanda mlima na mzigo, tuseme inakunywa lita 3 kwa saa. Hiyo ni mililita 50 kwa dakika. Mimi nataka nione angalau 200 kwa dakika, ili hata tanki likiwa karibu tupu na barabara imeinama bado kuna akiba. Fanya mara ya kwanza kofia ikiwa wazi. Rudia kofia ikiwa imefungwa, na uiache iendelee dakika tatu, chupa ikijaa unamimina na kuendelea. Ukiona ya kwanza inatiririka na ya pili inaanza vizuri kisha inakonda, jibu ni lile lile: hewa.

Fanya mbali na jiko, mbali na sigara, injini ikiwa baridi.

---

Kijana_wa_Birere aliandika:

Mimi nauza vipuri, naomba nichangie. Wengi wanakuja kuomba ile tiyo angavu kwa sababu "unaona esanse ikipita". Wengine wanaweka hata ya seramu ya hospitali. Ile ya seramu ni plastiki ya kawaida, haikutengenezwa kwa esanse. Esanse inaondoa ulaini wake, inakuwa ya njano na ngumu, na ikishakuwa ngumu haipindi tena, inavunjika. Hata hizi angavu za duka si zote zinavumilia. Nawashauri mpira mweusi ulioandikwa kwamba ni wa mafuta.

Lakini Fundi, kuna mtaalamu mmoja hapa mtaani anapasha tiyo kwa kiberiti cha gesi ili aipe kona. Inafaa?

---

Fundi_Ndosho aliandika:

Kijana, swali zuri, na hapa watu wanaharibu mali. Kuna familia mbili za tiyo. Ya kwanza ni plastiki: nailoni, ile laini ya rangi, na jamii yake. Hizo zikipata joto zinalegea, ukizishika kwenye kona mpaka zipoe zinabaki na kona. Kwa hizo maji yanayochemka yanatosha kwa nyingi, usitumie moto wa wazi. Ile ya nailoni ngumu ijaze kwanza chumvi kavu au mchanga laini mkavu, ziba ncha zote mbili, ndipo uipashe na kuipinda juu ya kitu cha duara. Mchanga unazuia tundu lisibonyee. Baadaye uioshe na kuipuliza mpaka uhakikishe haijabaki punje hata moja, maana punje moja inatosha kuziba kabureta.

Familia ya pili ni mpira uliopikwa kiwandani. Huo umeshaiva. Ukiupasha unalainika kidogo tu, ukipoa unarudi ulivyokuwa, na moto wa kiberiti unaunguza ngozi ya nje na kuacha nyufa. Maji moto yanasaidia kuuvalisha kwenye kichuchu, basi. Kona ya kudumu kwenye mpira inatengenezwa kiwandani, kwenye umbo. Ukihitaji kona kali ya nyuzi 90, una njia tatu za kweli: nunua iliyoumbwa, au kata kona kutoka tiyo ya gari yenye tundu sawa na iliyotengenezwa kwa kimiminika hicho hicho, au weka kiungo cha chuma cha kona na tiyo mbili fupi zilizonyooka. Hiyo ya pili ndiyo naipenda. Kwenye rundo la tiyo za zamani za magari utakuta kona za kila aina, ila kagua ndani kwa tochi kabla hujalipa.

Na kuna chemchemi ya nje. Chukua waya wa chuma kigumu wa milimita moja au moja na nusu, uuzungushie kwenye nondo nyembamba kuliko tiyo yako, kwa sababu ukiuachia utajifungua na kupanuka. Jaribu mpaka chemchemi iingie juu ya tiyo kwa kuisokota, bila kuiminya. Iweke pale kwenye kona tu. Laini ncha zake kwa tupa na uzigeuze nje zisichome mpira. Chemchemi ya ndani siitaki kwenye esanse: ikishika kutu, kutu inaenda kabureta.

---

Mama_Afya aliandika:

Habari Fundi. Naendesha pikipiki ya AG 100 kwenda vituo vya afya upande wa Masisi. Nimebadilishiwa tiyo zote mbili, ya esanse na ile ndogo ya oili. Nikisoma hapa nimeogopa. Ile ya oili nitajuaje kama imekunjika? Injini inalia vizuri.

---

Fundi_Ndosho aliandika:

Shikamoo Mama, na asante kwa kuuliza mapema. Nitajibu kwa urefu kwa sababu hii ndiyo tiyo ya hatari kuliko zote kwenye uzi huu.

AG 100 ni injini ya mipigo miwili. Haina oili ya kuzunguka chini kama XTZ 125, ambayo ni ya mipigo minne. Oili inashuka kutoka kwenye tanki lake dogo, inapita kwenye tiyo nyembamba, inafika kwenye pampu, na pampu inaisukuma ndani ya injini ikachomwa pamoja na esanse. Tiyo ya esanse ikikunjika, injini inazima na wewe unashuka ukiwa mzima. Tiyo ya oili ikikunjika, injini haizimi. Inaendelea kulia vizuri, hata inaweza kuonekana nyepesi, moshi unapungua, na wewe unafurahi. Kisha pistoni inapanuka, inagandana na silinda, na gurudumu la nyuma linakamata ukiwa kwenye mwendo. Kwenye mteremko wa mawe hilo ni jambo la uhai.

Kwa hiyo dalili ya kwanza ni kiwango cha oili. Jaza tanki la oili hadi alama, jaza esanse, tembea njia yako ya kawaida, kisha angalia tena. Oili isiposhuka kabisa, usiwashe tena. Dalili ya pili ni moshi ambao umetoweka ghafla baada ya kutengenezewa.

Kabla ya safari yoyote, toa kifuniko cha pembeni na ufuate tiyo hiyo kwa kidole kutoka tanki hadi pampu. Isipite kati ya fremu na tanki la oili pale vinapobanana, isiguse silinda wala ekzosi, na isiwe na kilima katikati. Ishuke tu. Oili inashuka kwa uzito wake, na kwenye kilima povu la hewa linakaa na kukataa kutoka.

Na muulize aliyekubadilishia kama alitoa hewa kwenye pampu. Tiyo ikishafunguliwa hewa inaingia. Pampu ina skurubu ndogo ya kutolea hewa: inafunguliwa, oili inaachwa itoke mpaka povu liishe kabisa, inafungwa. Wakati huo, kwa usalama, tia oili kwenye esanse pia, mililita 20 kwa kila lita, mpaka uone kwa macho oili inashuka kwenye tanki lake. Moshi utakuwa mwingi kwa muda, usijali.

---

Mama_Afya aliandika:

Asante sana mwanangu. Hawakutoa hewa, nimewauliza. Imesimama nyumbani mpaka kesho ifanyiwe hivyo mbele yangu.

---

Motari_Katindo aliandika:

Fundi, nimefungua kofia ikavuta hewa! Tiyo ndogo ya kofia ilibanwa na kishikio cha simu nilichofunga kwa usukani. Nimekihamisha, moto inapanda.

---

Kadutu_Enduro (Bukavu) aliandika:

Sisi wa Bukavu tunaishi kwenye miteremko, kwa hiyo mimi nasubiri sehemu ya fren. Nimeweka tiyo ya chuma iliyofumwa mbele, ya kununua, ndefu kidogo kuliko ya asili. Nikikata usukani kulia inatoka nje kama mkono. Nimeifunga kwa kamba za plastiki kwenye amortiseri kila mahali ili itulie. Ni sawa?

---

Fundi_Ndosho aliandika:

Ndugu wa Kadutu, kamba za plastiki kila mahali ndizo zinanipa wasiwasi. Tiyo ya fren ya mbele lazima iwe na sehemu moja huru inayopumua. Kwenye kros amortiseri ya mbele inazama sana, enduro kubwa zinafika karibu sentimita 30. Kalipa, ile inayobana disk, iko chini, inapanda na gurudumu. Pampu iko juu kwenye usukani. Kila gurudumu likipanda, tiyo hiyo lazima ijikunjue mahali fulani. Ukiifunga chini na ukaifunga juu bila kuacha upinde mpana mbele, itajitafutia njia yenyewe, na njia iliyo karibu ni kwenye tairi.

Hivi ndivyo nafanya. Chini naifunga kwenye kinga ya amortiseri kwa kishikio chake cha asili, yaani sehemu inayotembea pamoja na gurudumu. Kutoka hapo inapanda ikipita kwa nje na mbele, inaingia kwenye pete ya mwongozo karibu na taa, isibanwe na pete hiyo bali iteleze ndani yake. Kutoka pete hadi pampu ndio kona kubwa. Kwa hizi za chuma zenye plastiki nyeupe ngumu ndani, usishuke chini ya sentimita 5 kwa nusu kipenyo. Plastiki ile ya ndani ikikunjika mara moja inabaki na alama nyeupe, na haiponi hata ukiinyoosha. Hiyo ni ya kutupa siku hiyo hiyo.

Kisha jaribio. Weka tofali chini ya injini, gurudumu la mbele lining'inie: tiyo isivute. Halafu mtu mmoja akalie mbele, mwingine asukume usukani chini mpaka amortiseri zizame, au uzifunge kwa mkanda wa mizigo: tiyo isiguse tairi wala isibane kati ya amortiseri na kinga. Rudia usukani ukiwa umekatwa kila upande. Urefu wa ziada uliousema unaweza kuwa sawa, au unaweza kuwa mkubwa mno. Jaribio hili ndilo litakuambia.

Jingine: chuma kilichofumwa ni tupa. Kikigusana na aluminiamu au plastiki ya taa kinazila, na vumbi letu la lava linaongeza makali. Kivalishe koti la plastiki au mpira uliopasuliwa kila kinapogusa.

Wakati wa kufunga ile bulti yenye tundu, shika kichwa cha tiyo kwa mkono kisizunguke nayo. Wengi wanakaza bulti na kichwa kinageuka robo mzunguko, tiyo yote inasokotwa, halafu wanashangaa imetoka wapi kona. Weka washa mbili mpya za shaba, moja kila upande. Nguvu ya kukaza ifuate kitabu cha pikipiki, mara nyingi iko kati ya Nm 25 na 35. Kisha toa hewa kwenye fren mpaka mkono wa fren uwe mgumu.

---

Kadutu_Enduro aliandika:

Na fren ikibaki imeshika baada ya kuachia mkono? Rafiki yangu ana hiyo, tiyo ya mpira ya zamani.

---

Fundi_Ndosho aliandika:

Mpira wa fren ukizeeka unavimba au kuchanika kwa ndani huku nje unaonekana mzima. Nguvu ya mkono inasukuma kimiminika kikapita, lakini kalipa haina nguvu ya kukirudisha. Kwa hiyo fren inashika, disk inachemka. Ili ujue: fren ikishika, legeza bulti ya juu kwenye pampu. Gurudumu likiachia, tatizo liko kwenye pampu. Lisipoachia, legeza skurubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Likiachia hapo, ni tiyo. Lisipoachia popote, ni pistoni za kalipa zimeshika kutu. Funika rangi kwa kitambaa, maji ya fren yanaila.

---

Lushi_Kampemba aliandika:

Salamu kutoka Lubumbashi. Mimi nina enduro ya radieta. Asubuhi nikiiangalia, tiyo ya juu ya maji imebonyea kama imepigwa. Nikiwasha ikipata joto inajaa tena. Nimenunua za silikoni nikidhani mpira umechoka, hali ni ile ile. Sijui nipinde vipi.

---

Fundi_Ndosho aliandika:

Ndugu wa Lubumbashi, hapo kona haina kosa. Tiyo inayobonyea injini ikipoa imenyonywa. Maji yakipata joto yanapanuka, ya ziada yanasukumwa kupitia kofia ya radieta hadi kwenye chupa ya akiba kwa tiyo ndogo. Yakipoa yanapungua, na kofia inafungua valvu yake ndogo ya katikati ili yarudi. Valvu hiyo ikiganda, au ile tiyo ndogo ya chupa ikikunjika, hakuna kinachorudi, na radieta inanyonya tiyo zake. Fuata kwanza hiyo ndogo, hasa inapopita nyuma ya radieta na chini ya tanki. Ukiikuta nzima, badilisha kofia, na uchukue yenye kiwango kilekile cha presha.

Usidharau kofia kwa sisi tunaoishi juu. Hapa Goma, kwenye mita 1,500 hivi, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwenu mnaongeza kama nyuzi moja tu. Kofia ya bar 1.1 ikifanya kazi inapeleka hadi karibu 120. Kofia mbovu inakunyima nyuzi hizo zote.

Silikoni ni nzuri kwa maji ya moto, lakini ni laini, kwa hiyo kolye yenye meno iliyotobolewa mistari inaikata. Tafuta kolye laini ndani. Na tafadhali, wanaosoma hapa, silikoni ya kawaida isiguse esanse wala oili. Inavimba na kuoza.

Tiyo ikibonyea injini ikiwa kwenye mwendo, hiyo ni habari nyingine: ni ile ya chini, upande ambao pampu inavuta. Hapo ndipo chemchemi ya ndani ya chuma kisichoshika kutu inapofaa.

---

Kigoma_Rider aliandika:

Wakuu, mimi ni wa ng'ambo ya Tanganyika. Vipi zile mipira midogo inayoning'inia chini ya kabureta? Nikivuka mto pikipiki inakata.

---

Fundi_Ndosho aliandika:

Karibu sana ndugu. Hizo ni pumzi za kabureta. Bakuli la esanse linahitaji hewa ya nje ili esanse ipande kwenye jeti (kitundu cha esanse ndani ya kabureta). Ncha zote zikizama majini au zikijaa tope, hewa inakata na injini inakufa katikati ya mto. Weka kiungo cha herufi T kwenye tiyo ya pumzi: tawi moja lishuke kama zamani, la pili lipande hadi chini ya kiti, ncha ikitazama chini isikusanye mvua. Lile linalopanda ndilo hukunjika chini ya tanki, kwa hiyo lipitishe kandokando ya fremu, si juu yake. Ile ya kumwagia esanse iliyozidi iache ishuke, usiipandishe.

Na tiyo ya pumzi ya injini yenyewe, ile nene inayotoka kwenye krankesi (sehemu ya chini ya injini), ikikunjika presha inasukuma oili kwenye sili, zile pete za kuzuia oili isivuje. Ukiona sili mpya inavuja, ikague hiyo kabla ya kununua nyingine.

---

Kijana_wa_Birere aliandika:

Swali la mwisho kutoka kwa mteja wangu anayekwenda Minova kila juma: abebe tiyo ya akiba kiasi gani, na aiweke wapi?

---

Fundi_Ndosho aliandika:

Mita moja ya 6 kwa 12 (tundu milimita 6, nje 12), kolye nne, kiungo kimoja cha kuunganishia, na kisu kikali, kwa sababu ncha iliyokatwa kwa mkasi butu inavuja. Asiikunje katikati na kuisukuma kwenye mfuko wa vifaa. Aizungushe duara pana chini ya kiti, aifunge kwa kamba mahali pawili bila kuiminya, na ncha azizibe kwa kipande cha plastiki ili vumbi lisiingie. Kila anapofanya vidanje (kubadilisha oili) aitoe, aipinde kwa mkono mwanga ukiwa mzuri, na akiona nyufa ndogo juu ya ngozi anunue nyingine.